Niruke kozi za mwaka wa kwanza au nianze mwanzo? Jibu kwa binti wa Masasi

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza fomu siksi mwaka huu, PCM, nimepata A ya Hesabu, B ya Kemia na C ya Fizikia, wani ya pointi 6. Nimepata chuo Marekani kusoma uhandisi wa kemikali, skolashipu ya miaka minne inalipa ada, chakula na malazi. Juzi chuo wameniandikia kwamba kwa matokeo yangu ya Necta wanaweza kunipa krediti 20, yaani nisisome kalkulasi ya kwanza na ya pili, kemia ya jumla ya kwanza na ya pili, na fizikia ya kwanza. Natakiwa nijibu kabla ya tarehe 10 Agosti nachukua zipi. Mjomba anasema chukua zote umalize mapema urudi. Dada yangu yuko Dar anasema usiruke hata moja, wale watu wana mambo yao. Mi nimebaki katikati, nifanyeje?"

Marahaba binti, na hongera sana. A ya Hesabu ya advansi si mchezo, waliokaa kwenye pepa ile wanajua.

Nikujibu kwanza ndo nieleze, maana tarehe yako iko mlangoni. Kalkulasi ya kwanza ruka, usijiulize mara mbili. Kalkulasi ya pili usijibu leo, jipime kwanza, nitakwambia unajipimaje. Kemia ya kwanza ruka, ya pili kaa usome. Fizikia usiruke. Na kuna kozi ya uandishi wa Kiingereza ambayo hujaitaja lakini lazima utaikuta huko, hiyo hata wakikupa njia ya kuikwepa usiikwepe. Sasa kwa nini, maana mjomba atauliza, na huku kwetu mjomba akishasema neno humpingi kwa "mwalimu kasema" tu, lazima uende na hoja.

Mi nafundisha hesabu hapa Mtwara. Kabla ya kurudi nilisoma kule, na kazi iliyokuwa inanipa hela ya kula ilikuwa kusimamia vipindi vya mazoezi ya kalkulasi kwa watoto wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo hawa watu wawili, aliyeruka akazama na aliyerudia kila kitu akalala usingizi, nimekaa nao wote meza moja nikawasahihishia madaftari.

Elewa kwanza hiyo ofa imetoka wapi. Mfumo huu haukutengenezwa kwa ajili yetu, ulianza Marekani miaka ya 1950 kwa ajili ya wanafunzi wao wa sekondari wenye uwezo, wakawekewa masomo ya ngazi ya chuo wakiwa bado shuleni na mtihani kila Mei, ndo hiyo wanaiita AP, alama zake zinakwenda 1 mpaka 5, na chuo kikiona 4 au 5 kinasema sawa, wewe hii kozi umeshaisoma. Baadaye vyuo vingi vikaongeza na A-level ya Waingereza kwenye jedwali lao, na matokeo ya fomu siksi ya Tanzania wakati mwingine yanawekwa kapu moja na hizo A-level. Vyuo vingi vinaweka C kuwa mstari wa chini, vingine vinataka B, vingine havitoi kabisa. Kwa hiyo C yako ya Fizikia kupewa krediti haina maana kwamba kuna profesa ameangalia kazi zako akaridhika, ni karani ameangalia jedwali akaona C, akaandika krediti 4. Jedwali halijui kwamba C ni 60 mpaka 69, wala halijui wewe ulikuwa 61 au 69, na halijui kabisa kama ile topiki ya rotesheni uliielewa au uliikimbia.

Huku nyumbani hatuna huo mlango ndo maana wazee wetu unawachanganya. Ukienda UDSM na A yako ya Hesabu, fomu siksi ni kiingilio tu, ukishaingia unaanza mwaka wa kwanza na wenzako, kalkulasi mnaanza pamoja. Dada yako wa Dar anaongea kutokana na alichokiona, hajakosea, ila kule wanafanya vingine.

Kitu kingine kabla hatujaingia kwenye masomo. Kwenye imeili yao angalia vizuri wanakupa nini hasa, kwa sababu kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna krediti, yaani hizo namba zinaingia kwenye hesabu ya kuhitimu (digrii nyingi kule ni krediti 120 hivi, na uhandisi mara nyingi inazidi). Halafu kuna ruhusa ya kuanzia kozi ya juu bila kupewa krediti yoyote, yaani wanakuambia hesabu yako nzuri, anza kozi inayofuata, lakini zile krediti 4 utazitafuta kwingine. Na hata krediti zenyewe zina aina: kuna ambayo inaziba kozi inayotakiwa na idara yako, na kuna ambayo inakaa tu kwenye transkripti kama mzigo wa hiari, haikupunguzii kozi hata moja ya uhandisi. Ofisi ya udahili inaweza kukuandikia krediti 20 na idara ya uhandisi ikazitambua 8. Waulize idara, usiishie udahili.

Sasa mjomba. Hoja yake ni kwamba krediti 20 ni kama semista moja na kitu, kwa hiyo ukizichukua zote utamaliza mapema. Kwenye karatasi iko sawa kabisa, kwenye uhandisi haiko hivyo. Kule digrii ya uhandisi haimalizwi kwa kujaza krediti, inamalizwa kwa mlolongo wa kozi ambazo kila moja inadai iliyotangulia: unasoma mizania ya mada na nishati, ndo unaruhusiwa thamodinamiki, halafu mwendo wa vimiminika, halafu usafirishaji wa joto, utenganishaji, vinu vya mmenyuko, mwisho unakuja mradi wa kubuni kiwanda ambao mara nyingi unachukua mwaka mzima wa mwisho. Na nyingi ya hizo zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ile ya kwanza kwenye mlolongo kwa kawaida inaanza mwaka wa pili semista ya kwanza, ikikupita unaisubiri mwaka mzima. Kwa hiyo ukiruka kozi zote za mwaka wa kwanza ni sawa na kuwahi pantoni ya Msangamkuu ukaikuta iko ng'ambo, umewahi ndio, lakini mtavuka pamoja na aliyekuja nyuma yako.

Kwa hiyo fanya hivi, ingia kwenye tovuti ya idara, tafuta ule mpangilio wao wa kozi wa semista nane, uchapishe hapo Masasi kwenye stationari yoyote, halafu chukua kalamu ukate zile tano wanazotaka kukupa. Angalia kinachobaki. Je ile kozi ya kwanza ya mlolongo imesogea mbele? Kama haijasogea basi hujaokoa hata semista moja, umepata nafasi tu kwenye ratiba, na nafasi ni kitu kizuri, nitarudi hapo. Kama imesogea, yaani idara inakuruhusu kuingia mwaka huohuo wa kwanza, hapo ndo mjomba ana hoja, lakini jiulize tena: skolashipu yako ni ya miaka minne imeshalipwa. Ukimaliza miaka mitatu na nusu ule muda uliobaki hawakupi pesa mkononi, unabaki kwao. Umewaokolea hela wao, si mjomba.

(Kwa wengine mnaosoma hapa ambao hamna skolashipu, au mzazi ameuza korosho za misimu kadhaa ili mwende, hesabu yenu ni tofauti kabisa na msinukuu jibu la huyu binti. Kuna vyuo vinatoza kwa krediti, hapo kila krediti ya bure ni pesa halisi, chukueni karibu zote isipokuwa zile mtakazojengea kozi ngumu juu yake. Na kuna vyuo vinatoza bei moja kwa semista, mara nyingi kati ya krediti 12 na 18, hapo krediti za bure haziokoi kitu mpaka zifute semista nzima. Ulizeni hilo kabla ya lolote.)

Haya, kuna ushahidi wa upande wa dada pia. Chuo cha Dartmouth kilitangaza mwaka 2013 kwamba kwa wanafunzi wa kuhitimu 2018 kwenda mbele, AP haitahesabiwa tena kwenye krediti za kuhitimu, ingawa itaendelea kutumika kukupeleka kozi ya juu. Moja ya sababu iliyotajwa wakati ule ni kwamba idara yao ya saikolojia iliwachukua wanafunzi waliokuja na 5, yaani alama ya juu kabisa, ikawapa mtihani mfupi uliotokana na mtihani wa mwisho wa kozi ya mwanzo, na asilimia 90 wakafeli. College Board, hao wenye mitihani ya AP, walipinga, na tafiti zao zimesema waliopata alama za juu wakaruka wanafanya vizuri tu kwenye kozi inayofuata. Mi nasema wote wawili wana kitu ndani yake, ila wa pili kumbuka ndo wanaouza mtihani. Ninachokitoa hapo ni kimoja: alama inasema ulikuwa wapi siku ya pepa. Haisemi kama kile kitu bado unacho mwezi wa tisa ukiwa umekaa kwenye kozi inayodai ukitumie bila kukikumbushwa.

Sasa hesabu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo eneo langu.

Kalkulasi ya kwanza kule ni limiti, diferensiesheni na matumizi yake, na mwanzo wa integresheni. Hayo ulimaliza fomu faivu. Ukikaa kwenye darasa lile utakuwa unasubiri wenzako wafike, na kusubiri ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kule hakuna pepa moja ya mwisho inayoamua kila kitu kama Necta. Alama yako inajengwa na homuweki za kila wiki, majaribio madogo, mitihani miwili au mitatu ya katikati, ndo mwisho. Nimewaona watu wetu wa Afrika Mashariki, vichwa kabisa, wanarudia kalkulasi ya kwanza kwa sababu "ni ya kujilia A", wiki ya tatu wameacha kwenda darasani, wiki ya sita wameshapoteza homuweki nne, mwisho wanatoka na B kwenye kitu walichokuwa wanawafundisha wenzao bwenini. Kwa hiyo hiyo ruka.

Ya pili ndo yenye mtego. Nusu yake unaijua vizuri, pengine kuliko watakaokuwa wamekaa pembeni yako: integresheni kwa sehemu, visehemu vya sehemu (partial fractions), ujazo wa umbo linalozungushwa, na juu yake umesoma mpaka milinganyo ya diferenshia na fankisheni za haipaboliki ambazo wengi wao hawajazisikia. Lakini nusu ya pili ya kozi ile ni mifululizo isiyo na mwisho. Wewe umeiona Taylor na Maclaurin kwa maana ya kupanua fankisheni na kuandika termu nne za kwanza. Wao wanakuuliza swali jingine, je ukijumlisha termu zote bila kukoma unafika kwenye namba fulani au unapaa tu, na wana majaribio chungu nzima ya kujua hilo, na mtihani mzima unaweza kutoka hapo. Na kuna integresheni ambazo mpaka wake mmoja ni infiniti. Hivyo viwili usijidanganye kwamba utavipitia kwenye ndege.

Sasa utashangaa nikikwambia kwamba ukiruka kwenda kalkulasi ya tatu, hilo shimo la mifululizo halitakuumiza mara moja. Ya tatu ni fankisheni za vigeu viwili na vitatu, inatumia vekta na integresheni, vyote unavyo, utapata alama nzuri, utajiona umefanya uamuzi sahihi. Shimo linakuja kukudai baadaye kwenye milinganyo ya diferenshia ya ngazi ya chuo na kwenye hesabu za usafirishaji wa joto, ambako profesa anaandika mfululizo ubaoni anasema "hii mnaijua" anaendelea. Huko hakuna wa kukurudisha nyuma.

Jipime hivi. Waandikie idara ya hesabu ya chuo chako uwaombe mtihani wa zamani wa mwisho wa kalkulasi ya pili, wengi wanautoa, vingine viko wazi kwenye tovuti. Wakichelewa, chuo cha MIT cha hukohuko Marekani wameweka kozi zao bure mtandaoni kwa jina la OpenCourseWare, tafuta kozi namba 18.01, ni kalkulasi ya kigeu kimoja yote kwa pamoja, ina mitihani na majibu yake, ishushe siku una bando la kutosha. Kaa masaa matatu, simu nje ya chumba, hakuna nondo, hakuna kuchungulia jibu "kidogo tu". Ukipata sabini kwenda juu bila kubahatisha, ruka ya pili, ila ile sehemu ya mifululizo uisome mwenyewe mpaka iishe. Ukipata chini ya hapo, kaa kwenye ya pili na wala usione aibu, mtu anayeanza ya pili semista ya kwanza tayari yuko mbele ya wengi wa darasa lake. Na usiangalie maksi tu, angalia ulikosea wapi. Ukikosa maswali ya kueleza "kwa nini" huku ya kukokotoa ukayapata yote, hiyo ni dalili ya mazoezi ya pastipepa. Unajua mwenyewe, ukisolve za miaka kumi unaanza kuona sura za maswali, na kule sura zinabadilika.

Kuna dirisha jingine ambalo wageni wengi hawalijui: wiki ya kwanza mpaka ya pili ya semista vyuo vingi vinakuruhusu kuhama kozi bila chochote kuandikwa kwenye transkripti. Kwa hiyo unaweza kujiandikisha ya juu, ukakaa vipindi vitatu vinne, ukiona giza unashuka. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda. Ila uliza kwanza ukishuka ile krediti wanaifanyaje, maana ukishapewa krediti ya kozi halafu ukaikalia tena kozi ileile, vyuo vingi vinaifuta ile ya mwanzo, huwezi kulipwa mara mbili.

Kemia. Silabasi yetu kwa upande wa nadharia inaifunika kemia yao ya jumla vizuri sana, gesi, thamokemia, usawa wa mmenyuko, kasi ya mmenyuko, elektrokemia, yote umepita, na oganiki juu yake ambayo kwao ni kozi ya mwaka wa pili. Kwa nadharia peke yake ningekwambia ruka zote mbili na B yako. Kinachonizuia ni maabara. Praktiko zetu unazijua: taitresheni, kutambua chumvi, labda na moja ya kasi ya mmenyuko, na shule nyingi huku kusini unakuta mnagombania bureti moja watu sita, kemikali zinaletwa karibu na mtihani. Kule maabara ni kila wiki, ripoti imechapwa, grafu imechorwa kwa kompyuta, kila kipimo kina makadirio ya makosa yake, na wewe unakwenda kuwa injinia wa kemikali, hiyo ndo kazi yenyewe. Kwa hiyo uliza kama krediti yao inahusu na maabara au nadharia tu. Kama maabara ni kozi ya peke yake, chukua krediti za nadharia zote mbili na ukae kwenye maabara. Kama vimefungwa pamoja, ruka ya kwanza ukae kwenye ya pili. Ikitokea ya pili inafundishwa Januari tu, basi semista ya kwanza utakaa bila kemia, haina neno, utakuwa na mengine ya kuzoea.

Fizikia sitazunguka. C usiruke nayo. Fizikia yao ya mainjinia inaanza na kalkulasi siku ya kwanza, mekanika yote inafanywa kwa diferensiesheni na integresheni, wakati sisi fizikia na hesabu tumezizoea kama vyumba viwili. Na mwendo wa vimiminika, usafirishaji wa joto, vyote vimejengwa juu yake. Faida yake nyingine ni kwamba hiyo ndo itakuwa kozi yako ya kupumulia semista ya kwanza, kitu unachokijua nusu, kinakupa nafasi ya kujifunza mfumo wao, homuweki za mtandaoni, saa za profesa kukaa ofisini kusubiri wanafunzi (nenda, wale hawaoni kwamba unasumbua, wanaona usipokwenda ndo huna haja), bila kila kitu kuwa kigeni kwa mpigo mmoja. Kozi moja ya hivyo inatosha. Tano ni kulala.

Halafu kuna GPA, yaani wastani wa alama zako zote. Krediti ya mtihani kwa kawaida haina alama, haiingii kwenye GPA yako. Maana yake ukiruka zote tano, alama zako za kwanza kabisa kule zitatoka kwenye kozi za mwaka wa pili, umekaa na watu walioshauzoea mfumo, na skolashipu nyingi zina GPA ya chini ambayo ukishuka wanakuita. Isome barua yako ya skolashipu, itakuwa imeandikwa. Na upande wa viza, mwanafunzi wa digrii ya kwanza mwenye viza ya F-1 lazima awe na krediti zisizopungua 12 kila semista. Ukijaza ratiba kozi nne ngumu tu halafu moja ikakushinda ukaiacha, unajikuta chini ya 12, na hapo si suala la masomo tena, ni suala la uhamiaji. Usiache kozi yoyote kabla ya kwenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Hili kuna watu wamerudi nyumbani kwa ajili yake.

Ile kozi ya uandishi, kwa kifupi. Vyuo karibu vyote vinamtaka mwaka wa kwanza asome namna ya kuandika insha ya hoja, kusoma chanzo na kukitaja, kupangua na kuandika upya. Sisi tumesoma kwa Kiingereza lakini insha yetu ya mwisho ya maana ilikuwa ya GS (General Studies), na ile ilikuwa inataka pointi sita na utangulizi. Kuchukua maneno ya mtu bila kumtaja kule ni kesi ya kufukuzwa, na wengi wetu hatufundishwi popote mstari uko wapi isipokuwa kwenye kozi hiyo. Kaa.

Nilisema nitarudi kwenye nafasi. Ukifanya kama nilivyokwambia utakuwa umeruka krediti 8 mpaka 16, yaani kozi mbili mpaka nne. Usizitumie kumaliza haraka, zitumie kuingia maabara ya profesa kama msaidizi mwaka wa pili, au kuongeza takwimu na programu za kompyuta, au kupata semista moja ya kufanya kazi kwenye kampuni, vyuo vingi vya uhandisi vina utaratibu huo. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa hapo Madimba, na atakayekuja kuomba kazi sehemu kama ile hataulizwa alimaliza kwa semista ngapi, ataulizwa ameshashika nini kwa mikono yake. Hiyo ndo hoja ya kumpelekea mjomba. Mwambie pia kwamba muda wa kurudi ni uleule na ada haiongezeki hata shilingi, nadhani kinachomsumbua ni hicho zaidi ya kalkulasi. Mfuate jioni, msimu huu wa kupulizia mikorosho salfa asubuhi hatakusikiliza.

Karatasi sasa. Chuo kitataka matokeo yatoke Necta moja kwa moja, si kopi yako iliyopigwa muhuri, kwa hiyo ingia kwenye mfumo wa Necta wa mtandaoni uombe wayathibitishe na kuyatuma chuoni, fanya wiki hii usisubiri cheti maana cheti kinachukua muda. Ambatanisha na silabasi ya Hesabu ya advansi na ya Kemia, zimeandikwa kwa Kiingereza tayari, ili idara ione topiki zenyewe na si herufi tu. Kwenye jibu lako la kabla ya Agosti 10 waandikie kwamba unakubali kalkulasi ya kwanza na kemia ya kwanza, huichukui fizikia, na kwa kalkulasi ya pili na kemia ya pili unaomba uamue baada ya kuongea na mshauri wa idara wiki ya kuwapokea wageni. Wengi wanakubali. Wasipokubali, kama hujafikisha sabini, krediti ya kalkulasi ya pili iache, uisome kozi yenyewe.

Ukishaikalia ile pepa ya kalkulasi nitumie maswali uliyokosa. Maksi sizihitaji, nataka maswali.